Mkanda wa Kaniki

Mtaa wa Swahili, Kariakoo,
Dar es Salaam
4 Machi 1956

Kwa shangazi yangu mpenzi, Bi Mwanamkuu binti Mwinyimvua, Kilwa Kivinje.

Shikamoo shangazi. Mimi ni mzima, cherehani ni zima, na paa la chumba changu nalo ni zima isipokuwa pale juu ya mto wa kulalia. Natumaini goti lako linakuacha ulale na kwamba yule jogoo mkorofi ameshaliwa.

Kazi inakwenda. Bado nakaa na cherehani yangu barazani, kwenye duka la vitambaa la baba yake Jitendra. Jitendra mwenyewe bado anaamini kwamba anajua kukata suruali. Mwezi huu suruali mbili za wateja zimekuwa kaptula, na mimi ndiye niliyetumwa kwenda kuwaeleza wenyewe.

Habari mpya ni moja. Tangu mwaka juzi, jioni za Jumatatu na Alhamisi, nakwenda Gerezani nyuma ya maghala ya reli. Tuko watu kumi na wanne, tunafanya mazoezi ya mwili. Sikukwambia mapema kwa sababu hapakuwa na la kusema. Mwalimu wetu anaitwa Gaudens, fundi seremala wa karakana ya reli, mtu mzima, alikuwa askari Burma wakati wa vita. Tunavaa makoti meupe niliyoyashona mimi, tunavua viatu, tunainamiana, halafu tunajifunza kuanguka. Usicheke. Kuanguka kuna ufundi wake, na katika hao kumi na wanne hakuna anayeanguka vizuri kama mimi. Mwezi uliopita nilifanya mtihani wa kupanda daraja, nikafaulu yote isipokuwa sehemu ya mwisho. Hiyo ya mwisho nitakueleza siku nyingine.

Nina swali dogo. Mtu akiapa akiwa na miaka kumi na mmoja, je, kiapo kinakua pamoja naye, au kinabaki kidogo vilevile? Namuulizia rafiki yangu.

Wasalimie wote wanaonikumbuka, na wasionikumbuka wakumbushe.

Mwanao anayekupenda na kukuogopa kwa kipimo kimoja,
Mwinyimvua bin Sadalla


Kilwa Kivinje
8 Aprili 1956

Kwa mwanangu Mwinyimvua.

Marahaba. Barua yako imefika leo ikiwa imelowa, maana Rufiji imefurika na malori yamekaa ng'ambo wiki mbili. Sisi hatujambo. Jogoo bado yupo, nimemwonea huruma. Goti langu usilitaje sana kwenye barua, likisikia linatajwa linaamka. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe kama unavyoona, na herufi zikipanda mlima ni mkono, akili iko sawa.

Huyo rafiki yako mwambie kiapo si suruali, hakikatwi kikawa kaptula. Mimi nilimwapisha mtoto mmoja nyuma ya jiko langu, ameshika fimbo ya marehemu baba yake kwa mikono miwili, kwamba hatainua mkono kupigana na mtu yeyote. Mtoto huyo sasa ana miaka thelathini na ndevu, na kiapo kina nguvu zake zote. Sababu anaijua. Baba yake, kaka yangu Sadalla, alicheza kirumbizi kwenye harusi, mchezo tu wa fimbo, zumari na ngoma, na fimbo yake ikamtoa jicho rafiki yake mpenzi. Hakuishika tena mpaka homa ilipomchukua. Yaliyobaki ya siku ile hayana haja ya kuandikwa.

Na kwa kuwa tumetaja viapo, kumbuka na changu. Siku ulipopanda lori kwenda huko nilikuapia mbele ya macho yako kwamba sitakanyaga Kariakoo mpaka nije kula pilau ya harusi yako. Huu ni mwaka wa saba. Naona unapenda nibaki Kivinje.

Sijapenda hayo mambo ya kuvua viatu na watu usiowajua. Shoga yangu Siti wa Mtaa wa Sikukuu atapita kukutazama.

Shangazi yako,
Mwanamkuu


Kariakoo
27 Mei 1956

Shikamoo shangazi, na Idi iliyopita iwe ya heri kwako hata kama nimechelewa kuisema. Ramadhani yote mazoezi yalipumzika. Katika siku za mwisho nilishona kanzu mpaka nikawa naota nazitia vifungo, na asubuhi ya Idi nilikuta nimeshonea watu wote isipokuwa mimi, nikaenda kusali na kanzu ya mwaka jana.

Bibi Siti amefika barazani mara tatu. Mara ya kwanza alinunua uzi wa kijani. Mara ya pili alirudisha uzi wa kijani. Mara ya tatu alinifuata mpaka Gerezani, hatua kumi nyuma yangu, akidhani buibui linamficha, na hali Kariakoo nzima wanaujua mwendo wake. Tulipokuwa tunafanya mazoezi niliona jicho kwenye tundu la uzio wa mabati, nikalisalimu kwa moyo tu.

Nisimwache akueleze vibaya. Anayeanza hufungwa kiunoni mkanda mweupe wa marekani. Akipanda daraja hufungwa mkanda mwekundu wa bendera. Wa juu kabisa hufungwa kaniki. Huko Japani, mazoezi haya yalikotoka, wana vitambaa vyao, sisi tunatumia vipande vya dukani kwa kina Jitendra na mikanda nashona mimi. Niko kwenye bendera, nataka kufika kwenye kaniki. Mwalimu akipiga kofi moja tunaanza, akipiga mawili tunaacha, na maneno yake ni ya Kijapani, mengine hata yeye hakumbuki maana yake. Basi, ni hayo tu. Hakuna jambo la kukukosesha usingizi.

Nipe habari za goti, ingawa umenikataza kulitaja.

Mwanao,
Mwinyimvua


Kilwa Kivinje
10 Juni 1956

Mwinyimvua.

Salamu ni wajibu, kwa hiyo: hujambo, sisi hatujambo, kuku hawajambo. Sasa nisikilize.

Kumbe mwanangu una pepo na ukanificha. Nguo nyeupe, nguo nyekundu, kaniki. Unadhani mimi nimezaliwa wapi? Nimekaa kwenye ngoma za pepo tangu sijaota meno ya pili. Siti ameniandikia kurasa nne. Ameona watu wamevua viatu, wanainama mbele ya mtu mzima. Ameona mtu anashikwa, anatikiswa, anatupwa chini, anapiga turubai kwa kiganja, halafu anainuka anatabasamu kama hakuna kilichompata. Amesikia lugha isiyojulikana. Na wewe mwenyewe kwa mkono wako umeniandikia kwamba unapandishwa daraja kutoka nguo moja kwenda nyingine na kwamba ufundi wako ni kuanguka. Huyo Gaudens ndiye mganga wenu, useremala ni kisingizio.

Lingekuwa pepo la Kiarabu ningejua la kufanya. La bara pia, ninaye mtu. La Kijapani nimeuliza Kivinje nzima, hakuna anayejua linakula nini. Mzee mmoja amesema samaki, lakini alikuwa anabahatisha.

Nimempa dereva wa lori ubani, udi na marashi. Jifukize asubuhi na jioni. Likikuuliza jina, usitaje la ukoo. Na kaniki usiifunge kiunoni mpaka tujue linataka nini, maana likishapewa kaniki halitoki.

Mwanangu, kama ni upweke ndio umekufikisha huko, ungesema.

Mwanamkuu


Kariakoo
1 Julai 1956

Shikamoo shangazi yangu.

Mzigo umefika. Nimeufukiza ubani barazani kama ulivyoagiza, na wateja wameongezeka. Baba yake Jitendra anauliza kama unaweza kutuma mwingine.

Barua yako niliisomea Gerezani, juu ya magunia tuliyoyajaza maranda ya mbao na kuyafunika turubai ili tuangukie pazuri. Nilicheka mpaka mwenzetu Tarsis akaja kunishika akidhani naumwa. Halafu nilipofika pale uliposema habari ya upweke, kicheko kikaniishia nikaona aibu. Kosa ni langu. Nilikuficha neno moja, na Bibi Siti akajaza lake mahali palipobaki wazi.

Neno lenyewe ni mieleka. Wajapani wanaiita judo. Mwalimu baada ya vita aliwekwa kulinda mahabusu wa Kijapani, mmoja wao akamfundisha kwa sababu hawakuwa na kazi nyingine, mlinzi wala mfungwa. Hakuna ngumi, hakuna teke, hakuna fimbo. Unamkamata mwenzio koti, unamvuta akose pa kusimama, unamwangusha. Anayepiga turubai kwa kiganja anasema nimekubali, niachie. Basi, pepo lote ni hilo.

Sasa ile sehemu ya mwisho ya mtihani. Unasimama mbele ya watu watatu, mmoja baada ya mwingine, mnapambana. Si lazima ushinde. Lakini kabla hao watatu hawajaisha, lazima na wewe uwe umeshambulia. Februari nilishindwa, na mwanzoni mwa mwezi uliopita nimeshindwa tena. Nilisimama mbele ya Tarsis, kuli wa bandarini, mtu anayebeba gunia la karafuu kwa bega moja huku anapiga mluzi. Akija, namkwepa. Akinishika, naanguka vizuri. Ikifika zamu yangu ya kumwangusha yeye, mikono inakumbuka fimbo ya baba na jiko lako, inalegea. Mwalimu alinifuata akaniambia mbele ya wote, "Mwinyimvua, kaniki siwezi kukupa kwa sababu ya kuanguka."

Nisingekuandikia haya kama ni sifa tu nataka. Januari mwalimu anahamishiwa Tabora. Amesema hawezi kuacha watu wanatupana chini bila mwenye kaniki wa kuwasimamia, mtu atavunjika shingo. Kwenye bendera niko mimi peke yangu, wengine wote bado marekani. Mtihani wa mwisho ni Desemba. Nisipofaulu, magunia yanarudi karakana na kila mtu anakwenda kwao. Shangazi, mji huu kila watu wana mtaa wao, klabu yao, hata benchi lao. Pale Gerezani mtoto wa mwenye duka na kuli wanainamiana, kisha wanaangushana, kisha wanagawana machungwa. Sijapaona pengine. Sitaki pafe kwa sababu yangu.

Nakuomba kwa heshima zote unifungue kiapo.

Mwanao,
Mwinyimvua


Kariakoo
2 Septemba 1956

Shikamoo shangazi. Idi ya kuchinja imepita, miezi miwili imepita, na Posta nimeshakwenda mara nyingi hata karani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Rufiji mwezi huu haijafurika, kwa hiyo siwezi kuisingizia.

Kama umekasirika, nikaripie. Kama unaumwa, mwambie mtu yeyote aniandikie mstari mmoja. Hapa hatujambo. Jitendra amekata koti lenye mikono miwili ya kushoto, na amepata mnunuzi.

Mwanao,
Mwinyimvua


Kilwa Kivinje
23 Septemba 1956

Kwa mwanangu Mwinyimvua.

Marahaba. Siumwi na sijakasirika. Mihogo mwaka huu ni mikubwa lakini michungu. Paka wa jirani amezaa kwenye kapu langu la ukili, watoto wanne, mmoja ana sura ya marehemu babu yako. Jogoo nimemchinja hatimaye, alikuwa mgumu kama alivyokuwa hai. Maji ya kisimani yamekuwa na chumvi. Mwalimu wa chuo cha Kurani ameoa tena.

Habari za pepo nimezielewa. Siti nimemwandikia kumwambia ni mieleka, akajibu kwamba ndivyo wanavyosema wote.

Lile ombi lako. Kiapo hakifunguliwi kwa karatasi. Kinafunguliwa kwa kinywa cha aliyekiapisha, mbele ya aliyeapa, asikie kwa masikio yake. Ndivyo tulivyokuta. Kivinje huwezi kuja, una kazi. Na mimi huko sikanyagi, unajua kwa nini. Kwa hiyo jambo limekwisha, usinililie tena.

Kula vizuri.

Shangazi yako,
Mwanamkuu


Kariakoo
28 Oktoba 1956

Shikamoo shangazi. Maulidi yalikuwa mazuri, watu walijaa Mnazi Mmoja mpaka barabarani, na mimi nilipata nafasi karibu na sinia la haluwa, kwa hiyo sina la kulalamika.

Jibu lako nimelipokea. Nisingekuwa mkweli nikisema halikuniuma, liliniuma kwa wiki nzima. Lakini sitakuomba tena.

Wenzangu wamehangaika na mimi. Tarsis amesema nimlete Bibi Siti anifungue kwa niaba yako, maana ni shoga yako. Jitendra amesema kukamata koti si kupigana, kwa hiyo kiapo hakihusiki, na ameeleza kwa kirefu kama wakili. Nimewashukuru wote. Mimi najua niliapa nini na niliapa kwa nani. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na ulinishika mabega kwa nguvu mpaka yakauma. Siwezi kwenda kuchonga kiapo kile kiwe kitu kingine kwa sababu tu uko mbali na huoni.

Kwa hiyo Jumapili tarehe 16 Desemba, baada ya sala ya alasiri, nitasimama mbele ya watatu kama nilivyosimama kwanza. Wa tatu safari hii ni mwalimu mwenyewe. Nitaanguka vizuri kuliko nilivyowahi kuanguka.

Lipo jambo moja la siku ile ya harusi ambalo hukuwahi kuniambia. Usiponijibu, nitajua lipo.

Mwanao,
Mwinyimvua


Kilwa Kivinje
25 Novemba 1956

Kwa mwanangu Mwinyimvua.

Marahaba. Mvua za vuli zimekuja kidogo. Watoto wa paka wamegawiwa, nimebaki na yule wa sura ya babu yako.

Dereva wa lori atakupa kifurushi. Ndani kuna kaniki. Hizo za dukani kwa rafiki yako zinatoa rangi, ukitokwa na jasho utarudi nyumbani na kiuno cha buluu. Hii imefuliwa miaka mingi, haitoi kitu tena. Ndiyo niliyojifunga kwenye matanga ya baba yako. Sikusema uivae. Nimesema nakutumia.

Kiapo kiko palepale.

Usiniandikie tena mpaka mwaka mpya, sitakuwepo nyumbani. Nakwenda shamba kupanda mpunga.

Shangazi yako,
Mwanamkuu


Kariakoo
16 Desemba 1956, jioni

Shikamoo shangazi. Umesema nisiandike, na naandika. Barua ikukute ukitoka shamba, ingawa sielewi unapanda mpunga kwa goti lipi.

Mtihani umefanyika leo. Watu walikuwa wengi, mafundi wa karakana, makuli, kina mama wa Gerezani wamejipanga nyuma ya uzio. Kaniki yako nilikuwa nimeishona mkanda jana, nikaukabidhi kwa mwalimu bila kumwambia ni ya nani. Aliunusa, akasema, "Hii imekaa na ubani." Akaukunja akauweka kwenye kiti.

Wa kwanza alikuwa Jitendra. Alinijia kwa adabu, akaniangusha, nikaanguka vizuri. Wa pili Tarsis. Alinijia bila adabu, nikaanguka vizuri zaidi. Watu walikuwa wananipigia makofi ya huruma, unayajua yalivyo. Wa tatu akaja mwalimu. Alinishika kola ya koti akaninong'oneza, "Mara moja tu, Mwinyimvua. Jaribu mara moja tu, sitakudai kingine." Macho yake yalikuwa mekundu. Nilitamani kulia, nakwambia kweli. Nilimjibu siwezi. Akanivuta, nikamfuata, akanizungusha, nikajitoa, na nikaona kwa pembe ya jicho yule anayetunza saa ameinua mkono kuashiria dakika ya mwisho.

Hapo nikakusikia.

Ilitoka nyuma ya mabati, sauti yako ile ya kuita watu kutoka kisimani. Ilisema, "Mwinyimvua bin Sadalla, nimekufungua. Mbele yako, kwa kinywa changu. Mwangushe."

Sikufikiri, shangazi. Mguu ulikwenda wenyewe, nyonga ikaingia chini ya mkanda wake, mikono ikavuta, na mwalimu Gaudens, mtu wa Burma, akapita juu ya mgongo wangu akalala chali kwenye turubai. Halafu nyuma ya uzio kikapigwa kigelegele kirefu, mpaka nikasahau kuinama. Mwalimu alikaa chini akaitazama miguu yake kama ya mtu mwingine, kisha akacheka, akainuka, akanifunga kaniki kiunoni yeye mwenyewe. Amesema magunia hayaendi popote.

Nilikimbia nje ya uzio. Nilimkuta Bibi Siti peke yake, amesimama peku kwenye mchanga wa moto. Nikamuuliza nani aliyepiga kelele. Akasema hajasikia kitu, labda treni.

Sasa ndio nina shida. Wewe uko shamba Kivinje. Inawezekana nilitaka sana mpaka masikio yakanitungia. Kama ni hivyo, leo nimevunja kiapo changu kwako, na mkanda huu si wangu. Nimeuvua, nimeutundika kwenye msumari juu ya cherehani. Sitaugusa mpaka unijibu. Ukisema niurudishe kwa mwalimu, nitaurudisha siku hiyohiyo.

Kesho asubuhi nakwenda Posta na barua hii kabla sijafungua kazi.

Mwanao,
Mwinyimvua


Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, kwa Siti
17 Desemba 1956

Kwa mwanangu Mwinyimvua.

Hujambo. Mimi sijambo, goti ndilo lenye jambo maana lori lilinitupa huku na huku siku mbili nzima.

Siti amekuona asubuhi unakwenda Posta na bahasha. Kwa hiyo imekwisha ondoka kwenda Kivinje, na Kivinje haitamkuta mtu isipokuwa paka. Sijaisoma, lakini nimekulea, najua ulichoandika. Umeandika kwamba ulisikia sauti na sasa unayatuhumu masikio yako. Yaache. Masikio yako ni mazima.

Nitakwambia lile ulilouliza. Siku ya harusi ile baba yako alikuwa anacheza taratibu. Alishachoka, alitaka kutoka uwanjani. Mimi ndiye niliyempigia kigelegele. Nilimtaja jina, nikamsifu, nikapiga tena, na tena, mpaka akarudi katikati akainua fimbo ile moja ya mwisho. Yaliyofuata unayajua. Baba yako hakunilaumu hata kwa neno. Mimi tangu siku hiyo sikupiga kigelegele tena mpaka jana, hata binti yangu alipoolewa nilikaa jikoni. Kisha nikakukuta wewe uani na fimbo yake, unacheza peke yako, mzuri kama yeye, na nikasikia ulimi wangu unataka kupiga. Ndipo nikakuapisha. Nilikuogopea wewe, ndiyo, lakini zaidi niliuogopa mdomo wangu. Nimekubebesha mzigo wangu miaka kumi na tisa, mwanangu, nisamehe.

Huku nilikuja kukuchukua nikurudishe nyumbani. Nakwambia kweli. Mpaka jana adhuhuri nia yangu ilikuwa hiyo. Sikutaka unione, maana ungeniona ungenitazama mimi badala ya mwenzio. Nikaweka jicho kwenye lile tundu la Siti. Nikaona mtu anakuangusha na wewe unainuka unamwinamia, anakuangusha unainuka, na kiapo changu umekishika mpaka mwisho mbele ya watu wote wanaokuonea huruma, na mimi hukujua kama nipo. Nikasema basi. Mtoto aliyekishika kiapo hivi hana haja nacho tena. Baadaye nilikimbia kwa sababu nilikuwa nalia, na sipendi makuli wanione.

Mwambie mwalimu wako ameanguka vibaya, ametanguliza kiwiko.

Sasa kuna shida nyingine. Mimi nami niliapa, mbele yako, kwamba sitakanyaga Kariakoo mpaka harusi yako. Kushuka kwenye lori, na jana kwenda Gerezani, nilivaa viatu vya Siti, kwa hiyo aliyekanyaga ni Siti. Lakini leo amevihitaji, amevaa amekwenda sokoni. Hivyo tangu asubuhi nimekaa juu ya kitanda miguu imening'inia, haigusi chini, na birika la chai liko kule mlangoni linapoa. Kiapo hakifunguliwi kwa karatasi, nilikwisha kuambia. Kinahitaji kinywa.

Mtu anayekuletea barua hii amesimama barazani kwako. Utoe mkanda wako kwenye msumari, maana najua umeutundika, ujifunge, uje unifungue.

Shangazi yako,
Mwanamkuu binti Mwinyimvua